Vijana wangu wanajua kanuni zote za usafi. Mbona wateja wanatapika?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina kibanda cha chakula cha haraka. Tunauza chipsi, kuku wa kukaanga, wali na saladi, na nimeajiri vijana wanne. Wote wamehudhuria mafunzo ya usafi wa chakula na vyeti wanavyo. Mwezi huu wateja watatu wamenilalamikia kwamba walitapika baada ya kula kwetu, na wawili wanasema hata saa tatu hazikupita. Niliwatungia vijana mtihani wa maswali 20, hakuna aliyekosa zaidi ya mawili. Anayeshughulika na wali akaniambia hata kiporo anakipasha "mpaka kinatoa moshi" kabla ya kukichanganya na wali mpya. Sasa sielewi. Niwarudishe mafunzoni, au kuna mmoja ananidanganya nimfukuze? – Mwenye Kibanda

JIBU: Marahaba, dada. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, maana sehemu kubwa ya jibu umeiandika mwenyewe. Imo katika ile sentensi ya kiporo.

Kwanza tuangalie muda. Mtu anayeanza kutapika saa chache tu baada ya kula, tuseme kati ya moja na sita, mara nyingi hakuambukizwa na vijidudu vilivyo hai. Amekula sumu iliyokuwa imeshatengenezwa ndani ya chakula kabla hakijafika kwenye sahani yake. Bakteria aitwaye Salmonella kwa kawaida huchukua saa 6 hadi siku 3 ndipo mtu augue. Campylobacter, bakteria anayependa sana kuku, huchukua siku 2 hadi 5. Ndiyo maana walaji wengi humlaumu muuzaji wa mwisho waliyekula kwake, kumbe kosa ni la chakula cha juzi, pengine cha nyumbani kwao. Kwa hiyo yule mteja wako wa tatu simhesabu kwanza mpaka umuulize alikula nini na alianza kuumwa lini. Lakini wale wawili wa saa chache wananielekeza kwa watuhumiwa wawili, wote bakteria: Bacillus cereus, ambaye makao yake ni wali, na Staphylococcus aureus, anayekaa puani na mikononi mwa watu. Maabara ndiyo yenye neno la mwisho. Hata hivyo, kwa habari ulizonipa, mimi ningeanza na sufuria ya wali.

Mchele hutoka shambani ukiwa umebeba mbegu za Bacillus cereus, yaani bakteria waliojifunga ganda na kulala. Ni mbegu ngumu ajabu: wali unaiva, mbegu inabaki hai. Wali ukiachwa kwenye sufuria ukapoa polepole, mbegu huchipua, bakteria wakaanza kuzaliana, na baadhi yao wakatoa sumu ya kutapisha iitwayo sereulidi. Sumu hiyo imepimwa maabara kwa nyuzi joto 121 kwa dakika 90 na haikuvunjika. Maji ya kwenye sufuria yako huchemka kwenye nyuzi 100, hayavuki hapo. Sasa mrudie kijana wako. Anapasha kiporo mpaka kinatoa moshi, na bakteria wanakufa kweli. Sumu waliyoiacha inabaki palepale. Kisha anakichanganya na wali mpya, na kila sahani ya mchana inapata fungu lake.

Ukimuuliza kwenye mtihani, "Je, kupasha chakula mpaka kiwe cha moto sana huua vijidudu?" atajibu ndiyo. Utampa alama, naye atakuwa ameistahili. Mtihani wako haukumdanganya na yeye hakukudanganya. Swali lenyewe halikufika mahali ambapo tatizo lipo.

Staphylococcus ana tabia hiyohiyo. Karibu mtu mmoja kati ya wanne humbeba puani bila kuumwa chochote. Kutoka puani anahamia kwenye vidole, na kwenye kidonda au jipu wanakuwa wengi zaidi. Kuku akishakaangwa, akanyofolewa kwa mikono na kuachwa mezani mchana kutwa, bakteria huyu anapata chakula na joto analolitaka, na hana mshindani kwa sababu bakteria wengine wamekufa kwenye mafuta. Sumu yake nayo haivunjwi kwa kuchemsha. Kwa hiyo kumrudisha kuku kwenye mafuta jioni ili "kumchangamsha" kutamfanya avutie machoni tu.

Na msitegemee pua. Bakteria wanaooza chakula na kukifanya kinuke ni tofauti na hawa wanaolaza watu. Kiporo chenye sereulidi kinaweza kunukia vizuri kabisa. Nimewasikia wauzaji wengi, watu makini, wakiniambia "mimi huonja kwanza". Kuonja hakuoni sumu, na anayeonja ndiye wa kwanza kuila.

Nije kwenye mtihani, kwa sababu hapo ndipo watu wa fani yangu nao hujikwaa. Tafiti nyingi za wauzaji wa chakula, katika nchi tajiri na maskini, zimekuta jambo moja: watu hujibu vizuri wakiulizwa, lakini wakitazamwa kazini matendo yao hubaki nyuma ya majibu. Sehemu ya sababu ni maswali yenyewe. "Je, ni muhimu kunawa mikono kabla ya kuandaa chakula?" Nani atasema hapana? Swali kama hilo linapima adabu ya anayeulizwa. Muulize hivi badala yake: "Foleni ina watu wanane. Umetoka kushika kuku mbichi, mteja wa mbele ananyoosha noti, na mwenzako ameenda kuleta viazi. Mikono yako inafanya nini sasa hivi?" Halafu nyamaza. Anayejua ataanza kueleza, na maelezo yake yatakuonyesha kibanda chako kimekaaje.

Kisha utazame. Kaa pembeni saa ile ya msongamano, hesabu ni mara ngapi mikono imetoka kwenye kitu kichafu kwenda kwenye chakula kisichopikwa tena, na katika hizo ni ngapi zilipitia kwenye maji na sabuni. Siku ya kwanza watajitahidi kwa sababu bosi yupo. Rudia siku nyingine, na nyingine tena, mpaka wakuzoee. Hapo ndipo utaona hali halisi.

Ninaweza kukisia utakachokiona, maana vibanda vingi vinafanana katika hili: mahali pa kunawia pako mbali. Labda ni hatua kumi, nyuma ya mlango, au ni beseni moja linalotumiwa pia kuoshea vyombo. Mtu aliye peke yake kwenye mafuta yanayochemka hawezi kuziacha chipsi ziungue ili akanawe mara kumi na tano kwa saa. Hata angekuwa profesa wa afya ya jamii asingeenda. Ataipangusa mikono kwenye aproni, na aproni hiyo itakuwa imepangusiwa mikono yenye kuku mbichi tangu asubuhi. Weka ndoo yenye bomba, sabuni na ndoo ya kupokea maji machafu pale pale anapokatia kuku, umbali wa mkono. Kama huna maji ya bomba, kibuyu chirizi cha kukanyaga kwa mguu kinafaa sana, tena kina faida kwamba mkono mchafu haugusi koki. Mikono isuguliwe kwa sabuni kama sekunde 20, isuuzwe kwa maji yanayotiririka, ikaushwe kwa karatasi au iachwe ikauke yenyewe.

Halafu tenganisha fedha na chakula. Mtu mmoja apokee pesa na kuagiza, asiguse chakula. Kama saa nyingine kijana yuko peke yake, mpe koleo: mkono ushike pesa, koleo ishike kuku. Glavu sizipendi sana katika kibanda chenye kazi nyingi. Aliyevaa glavu hahisi mafuta wala unyevu, basi anajiona msafi, na jozi ileile inashika nyama mbichi, noti, simu na saladi. Simu, kwa kweli, ningeipiga marufuku karibu na ubao wa kukatia kabla ya kununua hata pakiti moja ya glavu.

Kuhusu saladi nina neno moja. Haipikwi, kwa hiyo chochote kilichoingia kinabaki. Iwe na ubao wake na kisu chake, na iandaliwe kabla kuku hajatolewa kwenye friji. Na yule kuku, kama mmezoea kumwosha kwa maji mengi kabla ya kumkaanga, fahamuni kwamba matone huruka na kutua kwenye meza, vyombo na hiyo saladi. Moto ndio unaoua bakteria wa kuku. Najua wengi hawatalikubali hili hata nikiliandika kwa wino mwekundu; basi angalau aoshewe mbali, kwenye chombo chake, kwa maji yasiyorusha, na sinki lisafishwe baada ya hapo.

Kitambaa cha kupangusia meza nacho nakitilia shaka. Kinakaa na unyevu, kina mabaki ya chakula, na kinapita kila mahali. Vianze siku vikiwa kadhaa, vilivyofuliwa, na kinachochafuka kiondoke. Kwa meza na mbao zilizokwisha kuoshwa kwa sabuni, tumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, isiyo na manukato: kijiko kimoja cha chai kwa lita 2 za maji, ikiwa chupa inasema klorini ni karibu asilimia 5. Changanya upya kila siku na kila maji yanapochafuka, kwa sababu klorini hupoteza nguvu ikikutana na mafuta na makombo. Usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia.

Sasa wali, ambao ndio kesi yako. Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni zake tano za chakula salama mwaka 2001, na ndani yake mna namba ambazo kila muuzaji angezijua kama anavyojua bei zake: chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kati ya 5 na 60 bakteria wanazaliana. Katika joto wanalolipenda baadhi yao hujigawa kila dakika 20 hivi. Piga hesabu: mmoja anakuwa 8 baada ya saa 1, na baada ya saa 4 wamepita 4,000. Na huo ni ukoo wa mmoja tu, wakati sufuria haianzi na mmoja.

Pikeni wali kidogo kidogo, mara nyingi, badala ya sufuria moja kubwa ya alfajiri. Unaosubiri kuuzwa ukae ndani ya chombo kilichofunikwa, juu ya sufuria nyingine yenye maji ya moto, na upimwe kwa kipimajoto chenye ncha ya kuchomeka ndani ya chakula. Kifaa hicho kinunuliwe kabla ya mafunzo yoyote mapya. Ukibaki na unataka kuuhifadhi, utandazwe kwenye trei pana, kina kisizidi sentimita 5, uingie kwenye friji ndani ya saa moja hivi, uliwe kesho yake na upashwe mara moja tu. Msiingize sufuria nzima ya moto kwenye friji mkidhani imeshughulikiwa: kando kutapoa, katikati kutabaki vuguvugu kwa saa nyingi, na inawapasha joto vyakula jirani. Kama friji yenu haiaminiki, au umeme unakatika, basi kiporo kitupwe. Na kisichanganywe na wali mpya kwa hali yoyote, hata kilichohifadhiwa vizuri.

Hapa nina swali kwako, dada. Nani aliamua kwamba kiporo kisitupwe? Kijana wa kuajiriwa hawezi kumwaga nusu sufuria ya wali wa tajiri wake kwa uamuzi wake mwenyewe. Kama kila jioni unauliza "umebaki kiasi gani?" kwa sauti ya mtu anayehesabu hasara, yeye amekwisha kuelewa anachotakiwa kufanya, na hakuna cheti kitakachoishinda sauti hiyo. Mwambie waziwazi, mbele ya wenzake, kwamba wali uliokaa nje zaidi ya saa 2 hautakatwa kwenye mshahara wa mtu. Utakapoanza kuutupa utagundua mlikuwa mnapika mwingi kupita kiasi, na mtapunguza.

Kipimajoto kitawafaa kwa kuku pia. Sehemu nene kabisa, bila kugusa mfupa, ifike nyuzi 74. Rangi ya nje hudanganya, hasa kuku akikaangwa kabla barafu ya ndani haijayeyuka yote: ngozi inakuwa kahawia na katikati kumbe bado. Mwaka 1993 huko Marekani, hambaga za kampuni ya Jack in the Box ambazo hazikuiva vya kutosha ziliwafanya watu zaidi ya 700 waugue, kwa bakteria aina ya E. coli O157:H7, na watoto 4 walifariki. Jimbo la Washington lilikuwa limekwisha kupandisha kiwango cha joto la nyama ya kusaga hadi nyuzi 68. Majikoni walikuwa bado wanafuata kiwango cha zamani cha nyuzi 60. Kampuni kubwa, yenye wataalamu na vitabu vya miongozo, na kanuni mpya haikufika kwenye kikaango. Usishangae basi ikiwa mafunzo ya siku moja hayakufika kwako.

Liko jambo jingine ambalo hukuliuliza, lakini katika mtihani wako nadhani lilikuwemo: "Mfanyakazi anayeharisha afanye kazi?" Wote walijibu hapana. Swali la kweli ni kama siku hiyo atalipwa. Mpishi Mary Mallon wa New York, mwanzoni mwa karne iliyopita, alikuwa na vijidudu vya homa ya matumbo bila yeye kuumwa. Aliwekwa karantini mwaka 1907, akaachiwa mwaka 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena. Akafanya kazi ya kufua nguo, yenye malipo madogo kuliko upishi. Mwaka 1915 alikutwa akipika katika hospitali ya wanawake kwa jina jingine, baada ya watu 25 kuugua na 2 kufa. Watu humsimulia kama mwanamke mkaidi, na ukaidi alikuwa nao. Ila hakuna aliyemtafutia kazi yenye mshahara kama ule aliokatazwa, na hilo husimuliwa mara chache.

Wewe una vijana wanne, hesabu yako ni nyepesi. Aliyetapika au kuharisha abaki nyumbani mpaka saa 48 zipite tangu dalili zilipokoma, kwa sababu norovirusi, kirusi cha kutapisha na kuharisha, huendelea kutoka mwilini hata mtu akijiona mzima, na chembe chache sana zinatosha kumwambukiza mwingine. Jeli ya alkoholi haiiwezi vizuri. Ni sabuni na maji. Mlipe siku hizo, hata kama ni nusu. Ukikataa kulipa, atakuja na tumbo lake na hatakuambia. Mwenye kidonda kidoleni afungwe bandeji isiyopitisha maji na juu yake glavu, hapo glavu nazikubali, au ahamie kwenye pesa siku hizo.

Mafuta ya kukaangia, kofia, kucha: vyote vina umuhimu wake na mafunzo yenu bila shaka yalivieleza. Havikuwatapisha wateja hawa.

Kuwarudisha mafunzoni, basi? Darasa lilelile, hapana. Wafundishe pale kibandani, dakika kumi kabla ya kufungua, jambo moja kwa wiki. Wiki hii liwe wali. Mpe kijana wa wali kipimajoto, apime saa nne asubuhi, saa sita na saa nane, aandike mwenyewe kwenye daftari. Akiona namba imeshuka hadi 41 katikati ya mchana, wakati alikuwa na hakika kwamba wali bado ni wa moto, atakuwa amejifunza kitu ambacho hatakisahau, na wenzake atawaeleza vizuri kuliko mimi. Wiki ijayo mhame: labda njia ya kuku mbichi kutoka friji hadi kwenye mafuta, na kila anachokigusa njiani.

Huyo kijana usimfukuze. Alikueleza kwa kinywa chake jinsi anavyofanya na kiporo, bila kuficha, na bila yeye mimi nisingejua pa kuanzia. Ukimtoa kwa sababu ya jibu lile, watatu waliobaki watajua kwamba bosi akiuliza mambo ya jikoni inafaa kumjibu kama kwenye mtihani.

Na akitokea mteja mwingine wa kulalamika, andika siku hiyohiyo alikula nini, saa ngapi, alianza kuumwa saa ngapi, na kama wapo wengine waliokula naye. Chakula kilichobaki cha siku hiyo kitieni kwenye chombo safi, kifunikeni, kiandikwe tarehe na kikae kwenye friji kando na vinavyouzwa, kisha umwite afisa afya wa eneo lako. Mteja mwenye damu kwenye choo, homa kali, au asiyeweza kunywa maji yakakaa tumboni aende hospitali bila kungoja. Na kwa mtoto mdogo, mjamzito au mzee msingoje hata hizo dalili.